Taa Inayokataa Kuzimika

Katika chumba kimoja cha kupanga hapa Ilomba nilionyeshwa balbu ya LED inayoendelea kung'aa hafifu baada ya swichi kuzimwa. Mpangaji alikwisha kubadilisha balbu mara mbili. Fundi alimwambia umeme "unavuja"; jirani naye alikuwa na maelezo yake, ambayo msomaji wa nyanda hizi hahitaji kutajiwa.

Hakuna muujiza. Shuleni tulifundishwa kuwa umeme ni kama maji bombani: ukifunga koki, yamekwisha. Mfano huo unafaa kwa kuanzia, lakini unaficha nusu ya ukweli. Kila waya wenye volti umezungukwa na uga wa umeme. Nyaya mbili zikilazwa sambamba ukutani huwa kapasita ambayo hakuna aliyeichora kwenye ramani. Nyaya za mita 10 zaweza kukaribia nanofaradi moja. Kwa umeme wetu wa volti 230, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, hiyo hupitisha mikroampia 70 hivi. Balbu ya zamani ya wati 60, iliyohitaji miliampia 260, isingeuhisi mkondo huo. LED inauhisi.

Hadi hapo ni kero tu. Hatari iko kwingine. Swichi iliyofungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto huleta dalili ileile, na hapo holda hubaki na moto hata swichi ikizimwa. Anayepanda kigoda kubadilisha balbu akiamini amezima, ameyaweka maisha yake rehani. Testa haitoshi kumwongoza fundi: yenyewe huwaka kwa mkondo mdogo mno, hivyo yaweza kuwaka katika hali zote mbili. Lazima azime swichi kuu, afungue, afuate waya hadi ajue ni upi unaokatwa. Na hawezi kutafuta kosa asilojua kuwa lipo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Naiunga mkono. Hofu yangu ni kwamba tutadhani amali ni mikono isiyohitaji nadharia, kama tulivyodhani kwa miaka mingi kuwa nadharia haihitaji mikono. Nimewafundisha vijana wanaokokotoa kapasitansi ya sahani sambamba bila kosa, ilhali hawajapata kufungua swichi hata moja. Fundi wa mtaani amefungua mamia, na hakuna aliyemweleza habari za uga. Gharama ya utengano huo anailipa mpangaji.

Basi balbu hiyo iwekwe juu ya meza ya karakana na ya maabara vilevile; haihitaji bajeti kubwa. Nanyi wenye nyumba, mwulizeni fundi leseni ya EWURA kabla hajagusa ukuta. Kisha mwulizeni swali moja zaidi: swichi hii inakata waya upi?