Nyumba za etaji na moto: tuyo bila maji ni chuma tu

Katika miji ya Goma, Bukavu na Butembo, nyumba za etaji zinaongezeka. Chini ni maduka ya magodoro na vitenge, juu ni ofisi na vyumba vya wageni, na mara nyingi ngazi iko moja tu. Moto ukianzia chini, moshi unapanda kwa ile ile ngazi ambayo watu wa juu wangeshukia.

Ndiyo maana mwenye kujenga anapaswa kufikiri juu ya springla, vile vichwa vidogo vya kunyunyiza maji vinavyofungwa kwenye plafo. Aina ya kawaida inafunguka yenyewe joto lake likifika karibu digri 68. Vinafunguka vile vilivyo karibu na moto, si vyote.

Maji yanafika kule kwa tuyo kubwa inayosimama kutoka chini. Viwanda vya nje vinaiuza ikiwa tayari: robine kubwa, manometa, chombo cha kupiga kengele maji yakianza kutembea, na robine ya kumwaga na kujaribu, vyote vimekwisha kufungwa pamoja. Faida iko: fundi anabakia na sehemu chache za kuunga, na pa kuvuja panapungua. Hapa kwetu, ambapo mafundi wa kazi hii ni wachache, hilo si jambo dogo.

Lakini mbele ya kutoa dola, uliza mambo manne.

Kwanza, maji yatatoka wapi? Robine ya mji inakatika. Watu wengi wanategemea tanki ya litri 1000 juu ya nyumba. Tufanye hesabu: kichwa kimoja cha kawaida kinatumia karibu litri 57 kwa dakika, hata nguvu ya maji ikiwa ndogo. Tanki hiyo itakwisha kwa dakika 17. Vikifunguka vinne, ni dakika 4. Kanuni ya Kimarekani NFPA 13 inaomba maji ya dakika 30 kwa ofisi, na 60 mpaka 90 kwa maduka.

Pili, nguvu ya maji. Kila meta 10 za kupanda zinakula bari 1. Kwa hiyo pompi inahitajika, na iwe na motere ya mazuti, maana umeme nao unakatika.

Tatu, unene. Hesabu ya nyumba ndiyo inachagua inchi 2, 3 au 4, si bei ya dukani. Na kwa tuyo ya inchi 4, robine ya kumwaga maji isipungue inchi 2.

Nne, nani ataitunza? Robine kubwa ikifungwa na kusahauliwa, yote ni bure. Ifungwe kwa mnyororo ikiwa wazi, na kengele ijaribiwe mara kwa mara.

Na wewe mpangaji, unayo haki ya kumuuliza mwenye nyumba: manometa inaonyesha bari ngapi leo?