Michezo ya watoto na wanyama isidharauliwe Turkana

Katika miji ya nchi tajiri kuna maduka yasiyouza kitu kingine ila vyombo vya kuwachezesha mbwa na paka. Mna mipira inayotoa mlio, panya wa kitambaa, vijiti vyenye manyoya na vijisanduku vya mafumbo ambavyo mnyama huvifungua mwenyewe ili apate tonge lililofichwa ndani. Biashara hiyo ni ya mabilioni ya dola kila mwaka. Mkenya wa kawaida akisikia habari hizo hucheka, akasema kwamba watu wakishiba hukosa la kufanya. Mimi sicheki. Naamini kwamba vitu vya namna hiyo, vikibuniwa na kuundwa kwa mikono ya watoto wenyewe, vina nafasi kubwa zaidi katika shule za Lodwar na Kakuma kuliko katika sebule za matajiri. Sababu ninazo kadhaa, na mojawapo inahusu uhai wa watoto wetu.

Kwanza, tuanze na ubunifu wenyewe. Mwaka wa 2011, katika eneo la Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, watafiti walioongozwa na Sonia Harmand waligundua mawe yaliyochongwa yapata miaka milioni 3.3 iliyopita. Habari zao zilipochapishwa mwaka wa 2015, ulimwengu uliambiwa kwamba hivyo ndivyo vyombo vya kale kuliko vyote vilivyopata kuonekana. Yaani, mkono ulioanza kulitazama jiwe na kuwaza kulitumia kwa jambo jingine, ulifanya hivyo katika ardhi hii hii ambayo leo huitwa kame na maskini. Je, ni haki mwalimu wa Turkana kusimama mbele ya wanafunzi wake na kusema kwamba shule haina vifaa?

Vifaa vipo, na watoto wanavijua kuliko sisi. Katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka wa 1992, na katika makazi ya Kalobeyei yaliyofuata mwaka wa 2016, mkebe wa mafuta ya msaada hautupwi. Hugeuka kuwa lori, taa, kengele au ngoma. Waya hupindwa ukawa usukani, vizibo vya soda vikawa magurudumu, na akala iliyochakaa ikakatwa vipande vya mpira. Watoto waliotoka Sudan Kusini, hasa wa jamii za Wadinka na Wanuer, hufinyanga ng'ombe wa udongo wenye nundu na pembe zilizopinda, kama walivyofanya babu zao. Ng'ombe wa namna hiyo wamehifadhiwa hata katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers kule Oxford, Uingereza. Ajabu ni kwamba kitu ambacho huko huwekwa ndani ya kabati la kioo, hapa kwetu mwanafunzi akiingia nacho darasani hunyang'anywa na kuadhibiwa kwa kuchafua dawati.

Pili, tuangalie uhusiano wa mtoto na mnyama. Wapo watakaosema kwamba Mturkana hana mnyama wa kuchezea, bali ana mali. Wanaosema hivyo hawajamwona kijana wa Kiturkana na maksai wake ampendaye, ambaye humwimbia, humpa jina na kumvalisha kengele shingoni. Wala hawajaona boma wakati wa asubuhi, mbuzi wakubwa wakiwa wameondoka kwenda malishoni na wanambuzi wamebaki chini ya uangalizi wa watoto wadogo. Hapo mtoto na mwanambuzi hukimbizana, husukumana vichwa na kupanda juu ya kila jiwe. Mtoto hujifunza ni yupi mwoga, yupi mkaidi, na yupi ambaye leo hachezi kwa sababu anaumwa. Mchungaji hodari huanzia hapo. Mwanambuzi aliyeacha kucheza ni dalili ya ugonjwa ambayo mtoto anaweza kuitambua kabla ya daktari wa mifugo kufika.

Sayansi nayo imethibitisha kwamba mbuzi si mjinga kama tunavyodhani. Mwaka wa 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, waliwapa mbuzi 12 kisanduku chenye chakula. Ili akipate, mbuzi alipaswa kwanza avute kamba kwa meno, kisha ainue wenzo kwa mdomo. Mbuzi 9 kati ya hao walifaulu, na walipopewa tena kisanduku hicho baada ya miezi 10, walikuwa bado wanakumbuka. Kisanduku kama hicho kingeweza kuundwa na wanafunzi wa Lodwar kwa juma moja. Chukua mkebe, utoboe matundu mawili matatu yenye upana wa punje ya hindi, upitishe ugongo wa waya katikati, kisha uutundike kati ya nguzo mbili. Tia punje chache ndani. Mbuzi akiusukuma mkebe kwa pua, utazunguka na punje zitadondoka. Mwalimu hapo ana somo la wenzo na mzunguko, ana somo la kuhesabu majaribio na kupima muda, na ana insha ya maelekezo katika Kiswahili.

Na asidhani mtu kwamba vyombo vya dukani vilizaliwa katika maabara za kifahari. Kampuni ya KONG, ambayo mpira wake wa kutafunwa na mbwa unajulikana duniani kote, husimulia kwamba mambo yalianza katika miaka ya 1970 huko Colorado, Marekani. Bwana Joe Markham alikuwa na mbwa aliyependa kutafuna mawe hata akayaumiza meno yake. Siku moja alipokuwa akitengeneza gari la Volkswagen, alimtupia mbwa huyo kipande cha mpira kilichotoka katika gari lile, naye mbwa akakipenda kuliko mawe. Kumbe chanzo cha bidhaa hiyo ni chuma na mpira chakavu katika gereji! Gereji kama hizo zimejaa kandokando ya barabara ya Lodwar kwenda Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 120.

Sasa nafika katika jambo zito, nami namwomba mwalimu alisome kwa makini. Turkana ina historia chungu ya ugonjwa wa haidatidi. Kwa miongo mingi madaktari waliitaja miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na mwaka wa 1983 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuukabili. Ugonjwa huu huletwa na tegu mdogo anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mbwa hula ini au mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo au ngamia yenye vifuko vya maji, na tegu hao wakakua ndani yake. Mayai yao hutoka pamoja na kinyesi, yakanata katika manyoya na katika mchanga. Mtoto anayemkumbatia mbwa na kulambwa usoni, kisha akala bila kunawa, huyameza. Baada ya miaka mingi, kifuko cha maji hukua katika ini au mapafu yake, na mara nyingi dawa yake ni kisu cha daktari wa upasuaji.

Je, tuwaambie watoto wasicheze na mbwa? Tukisema hivyo tutakuwa tunapiga maji kinu. Mbwa hulinda boma, hulala mlangoni na humfuata mtoto kila aendako. Amri isiyowezekana hufundisha kutotii. Lililo bora ni kubadilisha namna ya kucheza, na hapa ndipo chombo cha kuchezea kinapokuwa ngao. Funga kamba ya urefu wa mita mbili katika fimbo, na mwishoni mwa kamba ufunge kipande kinene cha akala. Mtoto ataizungusha fimbo, mbwa atakimbiza mpira, na nyuso zao hazitakutana. Kipande hicho cha akala pia ni badala ya mfupa na ini bichi ambalo mchinjaji hulitupia jibwa bila kufikiri. Ini lenye vifuko halifai kupewa mbwa hata kidogo. Lizikwe kwa kina au lichomwe. Mchezo ukiisha, fimbo iwekwe mahali pake, mbwa asipewe nafasi ya kulamba vyombo, na mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya chakula. Fimbo haiondoi haja ya kunawa, wala ya kuwapa mbwa dawa ya minyoo mara kwa mara. Ni msaada juu ya hayo. Samaki mkunje angali mbichi.

Kadhalika kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu asilimia 40 ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto aliyefundishwa kucheza kwa kanuni hujua kwamba mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha haguswi. Na kwamba akiumwa, jeraha linaoshwa papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha anapelekwa hospitalini bila kuchelewa. Hayo hayapatikani kwa kukariri tu. Hupatikana pale mwanafunzi anapotengeneza chombo chake na kuandika mwenyewe kanuni za kukitumia.

Kanuni hizo zisimsahau mnyama. Kumfungia mbwa mkebe mkiani ili akimbie kwa hofu si mchezo, ni ukatili, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inaukataza. Punda aliyebeba maji tangu alfajiri anahitaji kivuli, si mbio za kuwafurahisha watazamaji. Karatasi za plastiki na nyuzi laini zisitumiwe, maana mbuzi humeza chochote, na tumbo lililojaa plastiki ni kifo cha polepole. Mkebe usiwe na makali. Mwanafunzi anayejiuliza kama chombo chake kitamdhuru mbuzi amekwisha kuanza kufikiri kama mhandisi mwema.

Najua pingamizi litakalotolewa. Nitaambiwa kwamba kati ya mwaka wa 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa kwa wingi, na kwamba kuzungumzia vitu vya kuchezea katika jimbo lililozika mifugo ni kukosa huruma. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali. Familia iliyobakiwa na mbuzi wanne ina haja kubwa zaidi ya mtoto anayewajua mbuzi hao mmoja mmoja. Na mtoto wa Kakuma ambaye wazazi wake waliacha zizi zima nyuma walipokimbia vita, akimfinyanga ng'ombe wa udongo au kumchezesha kuku kwa punje ndani ya mkebe, anahifadhi elimu ya ufugaji ambayo huenda akaihitaji siku atakaporejea kwao. Isitoshe, haki ya mtoto ya kucheza imo katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, na imo katika Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo husimama wakati wa ukame.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini kote nchini mwaka wa 2019, unawataka wanafunzi watende na wabuni. Wazazi wengi wamelalamika, na kwa haki, kwamba ubunifu huo umegeuka orodha ya vitu vya kununua: karatasi za rangi, gundi, kalamu za aina aina. Mzazi wa Lodwar anayeuza makaa atazitoa wapi pesa hizo? Ubunifu unaonunuliwa dukani si ubunifu. Mwalimu na aseme hivi: leteni mkebe, waya, akala kuukuu, kuti la mkoma na udongo wa mto Turkwel au Tarach, tutaunda chombo cha kumchezesha mnyama mnayemjua, tutakijaribu, na tutaeleza kwa maandishi kilifaulu au kilishindwa kwa nini. Alama zitolewe kwa fikra, si kwa mng'ao.

Nawe mwanafunzi, usione haya kwa kuwa mbuzi ndiye mwenzako wa mchezo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Chunguza anachokipenda, uunde, ukosee, uunde tena, na unawe mikono. Walimu wako, nao, wakome kuvitupa nje ya dirisha vile vigari vya waya na ng'ombe wa udongo. Wavipangie rafu moja darasani, kisha waanze kufundisha kutoka hapo.