Muziki Masikioni, Kalamu Mkononi

Aghalabu mjadala kuhusu muziki darasani huendeshwa kana kwamba kazi zote za mwanafunzi ni kazi moja. Wanaouunga mkono hushikilia kwamba kijana anayesikiliza muziki hutulia, huacha porojo na jirani yake na kuikamilisha kazi mapema. Wanaoupinga huuona kuwa utovu wa nidhamu tu. Lakini mwalimu wa Kiswahili ana swali jingine la kuuliza kwanza: mwanafunzi huyo anafanya kazi gani, na muziki wenyewe una maneno au hauna?

Watetezi wa muziki wana hoja moja nzito, nayo imechimbuka katika fasihi simulizi. Wahenga, wasema, hawakutenga kazi na wimbo. Hodiya ziliimbwa kazini, wakulima walikuwa na wawe, mabaharia na wavuvi wakawa na kimai. Hoja hii ni tamu, ila ikichunguzwa inawageukia. Wimbo wa kazi hufuata mapigo ya mikono: jembe hupanda na kushuka kwa kiitikio, kamba huvutwa kwa pamoja pale sauti zinapokutana. Waimbaji ndio wafanyakazi, na wimbo ni sehemu ya kazi yenyewe. Mwanafunzi aliyeziba masikio kwa visikizi haimbi wala haitikii, na mdundo anaousikia hauhusiani kwa vyovyote na sentensi anayoitunga. Isitoshe, jembe halihitaji msamiati. Insha ni maneno tangu mwanzo hadi mwisho.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mnamo 1989 wanasaikolojia Pierre Salamé na Alan Baddeley walionyesha kwamba muziki wenye maneno huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi kuliko ule wa ala pekee. Mtunzi wa insha huyashika maneno akilini kabla hayajafika karatasini. Maneno ya mwimbaji yakiingia papo hapo, mawili hayo hugombea nafasi moja. Mfikirie mwanafunzi anayetunga shairi la tarbia. Anahesabu mizani 8 za ukwapi, kisha 8 za utao, huku akitafuta kina cha kati kitakachokubaliana na mshororo uliotangulia. Chombo chake cha kazi ni sikio. Atayapimaje mapigo ya mshororo wake ilhali sikio hilo limekodishwa kwa mapigo ya mwingine? Si ajabu mishororo ikapwaya, na mtunzi akadai kwamba arudhi ni ngumu.

Wapo pia wanaotaja utafiti wa Mozart. Ulichapishwa mwaka 1993, ukihusu wanafunzi 36 wa chuo nchini Marekani waliosikiliza sonata kwa dakika 10 kabla ya mtihani, si wakati wa mtihani. Nafuu iliyopatikana ilihusu majaribio ya maumbo na nafasi, na haikudumu zaidi ya robo saa hivi. Hata hivyo, kufikia mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia alikuwa akiomba fedha za umma ili kila mtoto anayezaliwa apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. (Haikuelezwa watoto hao wachanga walikuwa wakiandaliwa kwa mtihani gani.)

Haki itendeke, hata hivyo. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo mwaka 2003, madarasa mengi ya umma nchini Kenya yamefurika, na mwanafunzi anayetafuta muziki wakati mwingine anakimbia kelele. Kwake, ala tulivu ni afadhali kuliko mazungumzo ya watu thelathini. Vilevile ziko kazi zisizodai maneno: kuchora ramani ya lahaja, kupiga mistari ya jedwali la ngeli, kupamba ubao wa matangazo wa chama. Kumnyima mtu muziki katika kazi hizo ni ukali usio na faida.

Kwa kuwa simu haziruhusiwi katika shule nyingi za upili, uamuzi huu humwangukia zaidi mwalimu aletaye redio darasani, na mara nyingi huyo ni mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha, anayetamani kupendwa na kidato cha tatu. Huyo ana njia bora kuliko kuuacha muziki uvume nyuma ya insha. Auchezeshe wimbo dakika kumi za kwanza, kwa sauti, wote wausikie. Wautafute urari wa vina, wabishane kuhusu nafsineni na toni, wauimbe wakitaka. Kisha aizime redio na kuwapa karatasi. Katika Karatasi ya Kwanza ya KCSE watakuwa na saa moja na dakika 45, insha mbili, na ukumbi ulio kimya.