WAZEE WETU WALIITWA WASOMAJI



Maandiko ya leo: 2 Timotheo 4:13, Matendo 17:11.

Injili ilipoingia kwetu, waliompokea Yesu walipewa jina: josomo, yaani wasomaji. Kuokoka na kushika kitabu vilikuwa kitu kimoja. Pale Gendia, karibu na Kendu Bay, misheni ya Waadventista ilianza 1906, na baadaye pakawa na mtambo wa kuchapa vitabu. Si dhehebu letu, lakini tuwape heshima yao. Agano Jipya la Dholuo lilitoka 1926, na Biblia nzima 1953. Watu wazima walikubali kujifunza herufi pamoja na watoto ili wamsikie Mungu kwa macho yao wenyewe.

Na sisi je? Biblia iko ndani ya simu, lakini roho tunailisha video za dakika moja. Mhubiri anapaza sauti, tunasema Amina, tunaituma kwa kundi la kanisa. Ni nani aliyefungua andiko kuona kama lasema hivyo? Mandazi asubuhi, mchana na jioni yatakushibisha, lakini nguvu hutakuwa nayo.

Mpendwa, jambo hili ni la uhai. Mwaka 2023, kule Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mwaka 2025 tukasikia ya Opapo, hapa hapa Rongo, polisi walipowatoa makumi ya watu ndani ya boma la kanisa. Sisemi watu hao hawakujua kusoma. Nasema hivi: ukizoea kumwachia mhubiri afikiri kwa niaba yako, siku akipotea mtapotea pamoja.

Waberoya walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakarudi kuchunguza Maandiko kila siku, na Biblia inawasifu kwa hilo. Basi nichunguzeni na mimi. Mchungaji anayekasirika ukifungua Biblia kuhakikisha maneno yake, mwogope.

Kuna wanaosema, "Pastor, sisi ni watu wa Roho, andiko huua." Soma 2 Wakorintho 3 yote. Paulo analinganisha agano la kale na agano jipya. Hakukataza mtu kusoma. Paulo huyo huyo aliyeona maono, akiwa kifungoni na baridi inakaribia, alimwomba Timotheo amletee joho lake na vitabu. Danieli alikuwa nabii, lakini ile miaka 70 ya Yerusalemu aliifahamu kwa kusoma kitabu cha Yeremia. Roho Mtakatifu hukukumbusha neno. Kama hukuweka kitu, akukumbushe nini?

Anza na Biblia, lakini usiishie hapo. Soma kitabu kuhusu ndoa, malezi, kilimo, matumizi ya pesa. Soma maisha ya watu waliomtumikia Mungu. Vijana wetu wengi waliisoma The River and the Source ya Margaret Ogola kwa ajili ya mtihani tu, kisha wakaitupa. Irudie sasa. Umekua, utaona mengi kuhusu imani na jamii ambayo mtihani haukukuuliza.

Wewe mvuvi wa omena wa Sori au Mbita, mbalamwezi inapowaka hamwendi ziwani. Usiku huo, soma sura moja na watoto. Wewe wa boda pale Rongo, kati ya mteja na mteja kuna kurasa mbili. Mama, kama hukupata nafasi ya kusoma, usione haya. Mwambie mjukuu akusomee Dholuo kila jioni. Naye atafaidika. Na pale palipo na gumbaru, nenda ukajiandikishe.

Vitabu ni ghali, najua. Nunueni kimoja watu watano, mzungushane. Kanisa linaloweza kuchangia spika mpya linaweza kununua rafu moja ya vitabu.

Baba, tupe njaa ya Neno lako. Utufumbue macho tusipotoshwe, na nyumba zetu ziwe nyumba za kusoma tena. Kwa jina la Yesu, Amina.

Andika hapo chini kitabu unachosoma wiki hii. Kama hakuna, anza leo na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu.

Mbarikiwe.