Etajeri inaanza ukutani



Juma lililopita tuliahidi kuwaeleza namna ya kutengeneza etajeri ndogo ya ukutani. Kabla ya kueleza, inatupasa kusema ukweli: etajeri ya kwanza tuliyotengeneza ilianguka. Tunaandika haya ili yenu isianguke.

Mmoja wetu anakaa Kadutu, katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili, yeye na watoto wanne. Binti yake mkubwa yuko mwaka wa sita wa primeri. Kaye zake zilikuwa zikikaa ndani ya mfuko chini ya kitanda. Ninyi mnaijua mvua ya Bukavu: maji yanashuka mlimani, yanapita chini ya mlango, yanatafuta kila kitu kilicho chini. Mtoto akafika masomoni na kaye ya hesabu ambayo wino umegeuka kuwa maji ya buluu. Sisi tunaofundisha tunazijua kaye za namna hiyo. Mtoto anaambiwa ni mchafu, kumbe hana mahali pa kuweka vitu vyake.

Mama aliuliza fundi. Bei aliyotajiwa ingekula zamu yake yote ya likelemba. Basi tukasema: mbona tuna mikono? Tukakutana siku ya posho, sisi wanne, na msumeno wa kuazima na nyundo moja. Saa kumi jioni etajeri ilikuwa ukutani na tulipiga vigelegele.

Usiku wa tatu ilianguka. Iliangukia mahali anapolala kitinda mimba. Usiku ule alikuwa na homa, kwa hiyo mama alikuwa amemlaza upande wake. Tulipofika asubuhi, mama hakutukemea. Alituonyesha tu godoro. Shemeji yake ndiye aliyesema wamama waache nyundo, warudi jikoni. Tulimwomba mama msamaha, naye akajibu: “Mtarudi mtengeneze tena. Lakini mara hii nyundo nitashika mimi.”

Tulitazama kilichoanguka. Etajeri yenyewe haikuvunjika. Misumari ndiyo iliyong’oka ukutani. Makosa yetu yalikuwa mawili.

La kwanza, tulipigilia kwenye mbao za ukuta peke yake. Ukuta wa mbao una mbao nyembamba za nje, na nyuma yake kuna nguzo zinazobeba nyumba. Mbao ya ukuta ina unene wa cm 2 hivi, haiwezi kushika mzigo. Mzigo lazima ushikwe na nguzo.

La pili, tulinunua mbao ya mkalitusi iliyopasuliwa juzi, bado mbichi. Mbao mbichi ikikauka inajikunja, na tundu la msumari linalegea. Mbao yenye unene wa cm 2.5 inataka miezi ya kukauka kivulini, imepangwa na vijiti katikati ili upepo upite. Usipoweza kungoja, nunua iliyokauka. Utaitambuaje? Ni nyepesi kuliko mwenzake wa ukubwa uleule, na ukiiweka shavuni haina ubaridi wa maji. Mara ya pili tulichagua grevilea kavu, ambayo ni nyepesi kuliko mkalitusi na haipasuki ovyo.

Sasa tufuatane hatua kwa hatua.

1. Pima ukuta kwanza. Usiende kununua mbao kabla ya kujua nguzo ziko wapi. Tazama vichwa vya misumari ukutani: vinapopangana mstari mmoja kutoka juu hadi chini, hapo pana nguzo. Gonga kwa kidole: penye nguzo sauti ni nzito, penye utupu inalia kama ngoma. Kwa mama, kutoka nguzo moja hadi nyingine ilikuwa cm 65. Ndiyo sababu tuliamua etajeri iwe na upana wa cm 80.

2. Chora kwenye karatasi. Mbao moja ya mita 4, upana cm 20 na unene cm 2.5, ilitosha. Tuliikata hivi: vipande 2 vya cm 75 vya kuwekea vitu, vipande 2 vya cm 60 vya kando, kipande 1 cha cm 75 tulichokipasua kwa urefu tupate mbao 2 za mgongo zenye upana wa cm 5, na kipande 1 cha cm 17 tulichokipasua mara nne tupate vibao vya kubebea. Jumla cm 362. Zilizobaki ni za msumeno na za makosa.

3. Unganisha. Funga vibao viwili vya kubebea katika kila mbao ya kando: kimoja chini kabisa, kingine juu yake, ili kati ya mbao mbili za kuwekea pabaki cm 26. Kaye ya mtoto inasimama vizuri hapo. Mbao za kuwekea zinakaa juu ya vibao hivyo, katikati ya zile za kando. Mbao moja ya mgongo iwe nyuma, chini ya ile ya kuwekea ya juu. Ya pili iwe nyuma pia, juu kabisa. Zifunge zote kwa visi. Toboa kwanza kwa kekee tundu jembamba kuliko visi, usikaribie sana ncha ya mbao, na paka visi sabuni ili iingie bila kupasua.

4. Hakikisha haijapinda. Pima kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo viwili viwe sawa. Kwa etajeri ya cm 80 kwa cm 60, kila kimoja kiwe cm 100 kamili. Binti wa mama ndiye aliyepima. Tulimwambia kwamba hesabu hiyo ya 3, 4 na 5 ataikuta tena masomoni.

5. Itundike. Usitumie jicho, maana nyumba zetu za mlimani nyingi zimeinama. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, toa mapovu yote. Maji ya ncha mbili daima yanalingana. Weka alama hapo. Visi ipite mbao ya mgongo, ipite mbao ya ukuta, iingie ndani ya nguzo angalau cm 3. Kwa hiyo tulinunua visi za cm 8. Nne zilitosha: mbili juu, mbili chini, kila moja katikati ya nguzo.

6. Ijaribu kabla ya kuiamini. Bido la maji la litre 20 lina kilo 20. Tuliliweka juu ya etajeri usiku mzima, na watoto walilala chumba kingine. Asubuhi tulipima: haikushuka hata kidogo.

Neno kwa wenye kuta nyingine. Kwa tofali za kuchoma, toboa ndani ya tofali lenyewe, si katika udongo ulio kati ya tofali, na weka plastiki ya visi. Kwa ukuta wa udongo au tofali mbichi, msitundike kitu kizito: ipeni etajeri miguu isimame chini. Wengine wanapaka mbao mafuta ya vidanje ili wadudu wasiile. Nje sawa, lakini si mahali pa kaye na dawa za watoto. Msasa na verni kidogo vinatosha. Na popote mnapotundika, pasiwe juu ya kichwa cha mtu anayelala, hata kama visi ni nzuri.

Mama alishika nyundo na kekee kama alivyosema. Visi ya mwisho aliikaza mwenyewe, shemeji akitazama mlangoni. Hakusema kitu. Jumapili iliyofuata alileta mbao mbili, akauliza kama tunaweza kumwonyesha namna ya kutafuta nguzo.

Leo etajeri ile ina kaye chini, dawa na mkasi juu. Mvua imenyesha mara nyingi tangu siku hiyo. Kaye ziko kavu.

Msumeno na kekee sasa ni vya chama, viko kwa mweka hazina. Anayevitaka aandike jina lake kwenye daftari na kuvirudisha siku ya mkutano. Na kama hujawahi kushika nyundo, usije peke yako: njoo na binti yako.