Tualikane Pamoja na Watoto: Wito kwa Nyumba za Muheto

Wandugu wa Muheto, nanyi mlioko Mweso, Kashuga, Kalembe na kule chini kuelekea Pinga: maharage yakishavunwa, naomba kila nyumba ialike nyumba nyingine moja kwa chakula cha jioni. Isimwalike baba peke yake, wala baba na mama tu. Iwaalike na watoto wao wote, hata yule anayenyonya, na chakula kipikwe kwa kuwafikiria wao kwanza.

Ukarimu si kitu cha kufundishwa kwetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tangu vita vya M23 viliporudi mwishoni mwa 2021, nyumba za Masisi na Walikale zimepokea wageni waliokaa miezi na miezi, na waliopewa jembe walipewa pamoja na kipande cha shamba cha kulimia. Februari 2025, kambi za waliokimbia vita zilizozunguka Goma zilipovunjwa, watu wengi walipanda tena milima na mikeka yao na sufuria zao. Wengine walikuta nyumba hazina mabati wala milango. Majirani ndio waliowapa pa kulala.

Lakini kuna mtu mmoja tunayemsahau kila tunapokaribisha. Mgeni akifika, kuku huchinjwa na watoto huambiwa watoke nje. Baba na mgeni hula sebuleni. Mama huonja jikoni, wima. Watoto hungoja nyuma ya mlango, na sahani zikirudi, mkubwa wao huwahi mfupa, wadogo hugawana bugali lililopoa na mchuzi uliobaki chini ya bakuli. Tunasema ni heshima. Heshima kwa mgeni ni jambo jema, wala siombi tuiache. Nasema mtoto anaweza kumheshimu mgeni akiwa ameketi naye kwenye mkeka mmoja.

Sababu ya kwanza ya kuwaketisha nasi ni miili yao. Uchunguzi wa taifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta kwamba, nchini Kongo, watoto 43 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kivu zote mbili zilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Na sisi ndio tunaoilisha Goma! Viazi, maharage, maziwa na fromaji vinavyouzwa huko hutoka kwenye milima hii. Mtoto hadumai kwa njaa ya wazi peke yake. Hudumaa pia akishibishwa bugali kila siku huku maziwa, samaki, mayai na mboga vikipita mbele yake kwenda sokoni au kwa wakubwa. Mlo mmoja wa wageni hautamponya. Lakini siku ya wageni ndiyo siku nyumba inapoonyesha kitu kizuri ni cha nani, na watoto huyashika hayo mapema.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Machi 1993 mauaji ya kikabila yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakapanda hadi Masisi. Waliokuwa watoto mwaka ule leo ni wazazi, na wengi wao wamewalea watoto wao wakikimbia. Mtoto wa hapa mara nyingi husikia habari za kabila la jirani katika hadithi ya vita kabla hajamjua hata mtoto mmoja wa kabila hilo kwa jina. Mhunde, Mnyanga, Mhutu, Mtutsi, Mtembo: watoto wao hukutana shuleni, kama shule imefunguliwa, na hukutana kisimani. Kula pamoja nyumbani ni kitu kingine. Anayekula kwenu amemwona mama yako akipakua, amejua jina la mdogo wako, amejua baba yako akicheka anachekaje.

Sasa tupange, kwa maana nia njema bila mpango humchosha mama wa nyumba na kumlaza mtoto kabla hajala.

Tuanze na saa. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na giza likiingia barabara si salama, tena baridi ya milimani huanza. Kwa hiyo wageni wafike saa tisa alasiri, chakula kiwe tayari saa kumi, na saa kumi na moja na nusu kila mtu awe njiani. Watoto wadogo hawawezi kungoja hotuba. Wakifika, kila mmoja apewe kiazi cha moto mkononi au kikombe cha maziwa, ndipo wazee wasalimiane kwa utulivu.

Siku moja au mbili kabla, mwulize mgeni wako nyumba yake inakula nini na haili nini. Waadventista hawali nguruwe wala samaki asiye na magamba. Wako wenye miiko ya ukoo. Kuuliza mapema ni adabu, na humwokoa mgeni na aibu ya kukataa sahani mbele ya watoto.

Kuhusu chakula chenyewe, tuna bahati ya kukaa mahali ambapo maeneo mawili yanapakana. Masisi ina viazi, maharage, mashu, maziwa na fromaji. Walikale ina mawese, mihogo, ndizi, karanga na mchele. Biashara imepandisha na kushusha mizigo hiyo miaka mingi, hata vita vilipofunga njia. Sufuria moja inaweza kuikutanisha. Kwa watu kumi na wanne, wakubwa na wadogo, kilo mbili za maharage makavu na kilo sita za viazi zinatosha, pamoja na lengalenga au sombe, mawese kidogo, na sambaza wa kukausha. Maharage yalowekwe usiku ili yaive kwa makala machache. Sombe itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo yasiyoiva yana sumu. Mawese mekundu yana faida kubwa kwa macho ya mtoto, basi yatiwe mwishoni, yasiungue.

Kanuni ya jikoni ni hii: upishi ni mmoja, ila cha mtoto kitolewe kabla ya pilipili na kabla ya chumvi nyingi. Pilipili ikae kwenye kisahani chake, mkubwa ajichotee. Kwa aliyefikisha miezi sita na kuendelea, ponda kiazi na maharage, tia kijiko cha mawese, kisha nyunyiza unga wa sambaza waliokaangwa wakavu na kutwangwa. Wa miaka miwili mitatu apewe kiazi kilichokatwa vipande, na juu yake fromaji iliyokwanguliwa iyeyuke. Karanga zisagwe, karanga nzima humpalia mtoto mdogo. Samaki mkubwa achambuliwe miiba na mtu mzima. Asali ya msituni ni tamu, lakini asipewe mtoto asiyetimiza mwaka. Maziwa yachemshwe daima, hata yakitoka kwa ng'ombe tunayemjua, kwa kuwa maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na homa isiyokoma upesi.

Wakubwa nao wafurahi. Wapate mchuzi mzito, pilipili yao, mashanza baridi, chai ya maziwa. Kwa mlo huu mmoja naomba pombe ya kasiksi ibaki nyumbani. Mutobe usiochacha upo, na watoto wataunywa pamoja nasi.

Kila mtoto awe na bakuli lake. Sahani ya pamoja ni nzuri, lakini penye sahani moja mwenye mkono wa haraka hushiba na mdogo hubaki akitazama. Bakuli likiwa lake, mama anaona amekula kiasi gani. Na tukumbuke kipindupindu hakijatuacha: bidoni la maji na sabuni vikae mlangoni, mkubwa anawe kwanza mbele ya watoto, nao wataiga. Mbabula na sufuria za moto ziwekwe upande ambao watoto hawapiti. Mtoto akiungua siku ya karamu, furaha yote imekwisha.

Naomba pia tumtazame binti wa miaka kumi au kumi na miwili. Kila karamu ndiye anayechota maji, anayebeba mdogo mgongoni, anayepeleka sahani na kuziosha. Huyo naye ni mtoto, naye amealikwa. Siku hii wanaume wabebe sahani. Baba akimpakulia binti yake mbele ya wageni hapungukiwi na kitu, na watoto wa kiume watakaomwona watajua ni kazi ya mwanamume pia. Na kama nyumbani kwenu kuku na mayai bado ni vya baba na mgeni, anza siku hiyo: gawa yai moja vipande vinne, kila mtoto apate.

Mtoto aliyeishi kambini anaweza kuficha kiazi ndani ya nguo. Msimwaibishe. Mfungieni vingine viwili kwenye jani la mgomba aende navyo. Mwingine hatasema neno jioni nzima. Mwacheni akae karibu na mama yake. Mkishakula, mpeni bibi au babu nafasi ya hadithi na vitendawili. Hadithi za sungura zimo katika kila lugha ya hapa, na Kiswahili kitatuunganisha wote. Habari za vita na nani alimkosea nani zisubiri baraza la wazee. Kwa saa hizo chache, tusiongee kitu ambacho hatutaki mtoto akirudie shuleni.

Najua jibu la wengi: hatuna. Ng'ombe walichukuliwa, mashamba mengine hayafikiki, na gunia la mwisho ni mbegu. Kwa hiyo naomba tufanye mara mbili tu kwa mwaka, maharage yanapovunwa: mavuno ya Desemba na Januari, na mavuno ya Juni. Wala mwenyeji asibebe peke yake. Mmoja alete maharage, mwingine viazi, asiye na shamba alete kuni, au fungu la lengalenga, au nguvu zake za kutwanga sombe. Atakayekuja mikono mitupu aje vilevile. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo nawaomba machefu wa vijiji na wazee wa ukoo waitangaze siku na kuziunganisha nyumba mbili mbili, nyumba ya mwenyeji na ya aliyerudi, nyumba ya kabila hili na ya lile. Nawaomba mapadri na wachungaji walitaje jambo hili ibadani, na wamama wa makanisa wawatembelee wajane na wanaolea mayatima ili wasiachwe nje. Walimu, waulizeni watoto wiki inayofuata walikula wapi, na walikula na nani. Majibu yao yatatuambia ni nyumba ipi imesahaulika. Nanyi wenye silaha mnaopita katika vijiji hivi, nanyi mna watoto mahali fulani: acheni chungu cha mtoto kiive.

Wewe unayesoma, usingoje kuunganishwa na mtu. Chagua leo nyumba moja ambayo watoto wake hawajawahi kula kwenu. Nenda uwasalimie, uulize majina ya watoto na umri wao, na uulize wanakula nini. Kisha hesabu bakuli ulizonazo. Zikipungua, azima kwa jirani, na huyo jirani umwalike pia.