Vielezi vya Kikroatia: Mwalimu na Akae Dawatini Kwanza

Wapo wakufunzi wenzetu waliotuuliza kwa nini tuliwafundisha wanachuo wetu vielezi vya Kikroatia, ilhali hakuna shule ya msingi itakayowataka waifundishe lugha hiyo. Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu.

Mwanachuo akiwa katika mazoezi ya kufundisha lugha ya kigeni, aghalabu huanza ulinganishaji wa vielezi kwa kuchora jedwali ubaoni na kuwaagiza watoto walikariri. Watoto hulikariri. Kesho yake, wakitakiwa kutunga sentensi, hunyamaza au hukosea, naye huwalaumu kwa uvivu. Tuliona yafaa mwanachuo huyo naye akae dawatini, mbele ya lugha asiyoijua kabisa.

Kikroatia kinafaa kwa kazi hiyo, maana kina mambo yaliyo karibu na yetu na mengine yaliyo mbali. Lililo karibu ni namna ya kuunda kielezi. Sisi huchukua shina la kivumishi na kulipa kiambishi vi-: mwimbaji mzuri huimba vizuri. Wakroatia nao huchukua umbo moja la kivumishi. Kwa jina la jinsia ya kiume husema brz, yaani '-epesi wa mwendo'. Kwa la kike, brza. Kwa jinsia ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike, brzo. Umbo hilo la tatu ndilo pia kielezi 'upesi'. Si vielezi vyote vinavyoundwa hivyo, kwao wala kwetu, lakini njia hiyo si ngeni kwa Mswahili.

Lililo mbali ni ulinganishaji. Kwetu kielezi hakigeuki. Twasema 'upesi zaidi' au 'upesi kuliko Juma'. Kwao kielezi chenyewe hugeuka: brzo, brže, najbrže. Umbo la mwisho, lenye maana ya kuwashinda wote, hupatikana kwa kutanguliza naj- mbele ya umbo la pili. Konsonanti nazo hubadilika: tiho, 'kwa sauti ya chini', huwa tiše, jako, 'kwa nguvu', huwa jače. Tena maneno yasemwayo kila siku ndiyo makaidi zaidi: dobro, 'vizuri', huwa bolje, loše, 'vibaya', huwa gore, malo, 'kidogo', huwa manje.

Kipindi cha kwanza tulifundisha kwa jedwali, makusudi. Cha pili tuliwataka watunge sentensi. Wengi waliandika više brzo, yaani 'zaidi upesi'; mmoja akaandika dobrije. Makosa hayo hayakutokana na uvivu. La kwanza lilifuata sarufi ya Kiswahili. La pili lilifuata kanuni ya Kikroatia chenyewe, ambacho kutokana na sporo, 'polepole', hupata sporije. Ila kanuni hiyo haitumiki kwa dobro. Kila kosa lilikuwa na akili ndani yake, na ndivyo yalivyo mengi ya makosa ya watoto wetu.

Kipindi cha tatu tulitoka uwanjani. Wanachuo watatu walikimbia, wenzao wakasema: Juma trči brzo, Asha trči brže, Neema trči najbrže. Kisha tukaingiza neno nego, lililo sawa na 'kuliko': Asha trči brže nego Juma. Neno od, lenye maana hiyo hiyo, tuliliweka kando kwa siku nyingine, kwa sababu hulibadili jina linalolifuata: brže od Jume. Baada ya kusema waliandika, na mwisho kabisa wakalijaza jedwali wao wenyewe. Safari hii više brzo na dobrije hazikuonekana.

Huenda mtu akasema kwamba muda wa mafunzo ni mfupi. Ni kweli, lakini vipindi vitatu si vingi kwa mwalimu atakayesahihisha madaftari maisha yake yote.

Hatusemi kwamba jedwali halina kazi. Twasema mahali pake ni mwisho wa somo, baada ya tendo na usemi. Na mwalimu akutanapo na kosa daftarini, asiharakishe kalamu nyekundu. Kwanza ajiulize mtoto huyu alifuata kanuni gani.